Pampasi kwenye beseni la nepi

Mama alishuka kwenye basi la Rombo na dazani mbili za nepi, pini zake na chupi za plastiki. Pampasi kwake ni israfu. "Kimeingia mkojo tu, mnatupa?"

Kwa nepi ni profesa. Mpya hazivalishwi zikitoka dukani, kwani pamba mpya ina mafuta yake na mkojo huteleza juu. Zifuliwe kwa maji moto mara nne tano ndipo zinyonye. Yenye choo husuuzwa kwanza kwa maji baridi, maana ya moto hugandisha doa, halafu sabuni, sufuria, jua. Dawa ya kulainisha nguo hataki kuisikia: huacha utando, nepi ikawa laini na mkojo wote ukaishia kwenye shuka.

Asubuhi moja akaokota pampasi tatu kwenye ndoo ya taka, akazitumbukiza kwenye beseni pamoja na nepi. Akafikicha.

Ndani ya pampasi mna unga wa punje punje unaokunywa maji ukawa jeli. Mkojo una chumvi, kwa hiyo mtoto akikojoa unga hunywa kwa kiasi. Maji ya bomba hayana chumvi ya maana, na hapo ndipo unapofumka kwelikweli. Pampasi zikapasuka.

"Baba Neema! Sabuni gani hii mmeninunulia? Nasuuza, inaongezeka!"

Nilimkuta amezama hadi viwiko, beseni limefurika uji wa sago. Kila alipoongeza maji, uji ulikua. Kabla sijafungua mdomo akaumwaga kwenye shimo la bafu, maji yakagoma kushuka.

Fundi bomba akaja na waya wake. Akachoma, jeli ikafunguka, akachomoa, ikajifunga. Akachoma tena. Akauliza kama nyumba hii ina mtu anayetega uchawi.

Nikaagiza chumvi ya mezani, kilo moja. Nusu shimoni, nusu kwenye beseni, koroga, subiri. Jeli ikaachia maji yake, ikanywea, shimo likapumua. Zile nepi hazikusuuzwa, maana maji yangeifumua tena: tulizikung'uta, tukazianika, jeli ikakauka magamba, tukazikung'uta tena.

Fundi alidai hela yake kamili. Mama yeye alikuwa ameshaficha pampasi moja kavu kwenye mkoba. Anataka kujua, ukiifukia chini ya mgomba kiangazi, itakaa na maji siku ngapi.