Nani kasema vikatuni vimeingia Bongo juzi?

Juzi nimemsikia mtangazaji mmoja redioni, kijana tu na anaongea vizuri kweli, anasema eti utamaduni wa vikatuni ndo unaanza kuingia Bongo sasa hivi, kwa sababu ya filamu za Marvel na madogo wanaosoma manga, vile vikatuni vya Kijapani, kwenye simu. Nikazima redio, na hasira haijaisha mpaka leo.

Jamani! Gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory tangu miaka ya 60, watu wazima na akili zao wanaanza na Chakubanga ndo wanarudi kwenye hotuba. Kule Kenya mzee Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu miaka ya 50 na akaendelea naye zaidi ya miaka 50, kazeeka na kalamu mkononi.

Halafu ikaja Sani, gazeti la vikatuni la kina Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na hapa mnivumilie maana ndo roho yangu ilipo. Miaka ya 80 ile, sukari foleni, sabuni foleni, karatasi yenyewe ya kutafuta, na bado gazeti la vikatuni linatoka na watu wanaligombania. Ndumilakuwili, Lodilofa, Kipepe, Pimbi, Madenge, hawa tulikuwa tunawaongelea kama majirani kabisa. Kwetu Morogoro kopi moja inaanza kwa kaka yangu, inapita kwa kinyozi, inaenda kwa mama wa genge, ikirudi kurasa za kati hazipo na hakuna anayelalamika maana kila mtu keshasoma. Wale wahusika mkono uliowachora ni wa Philip Ndunguru, akafariki bado kijana, wachoraji wengine wakaendelea nao. Leo muulize kijana anayechora, Ndunguru hamjui, ila wachoraji wa Japani anakutajia majina yao kamili. Simlaumu yeye, angemjulia wapi? Zile Sani zimeishia kufungia vitumbua na nyingine kuliwa na mchwa, na sisi tuliozisoma tumekaa kimya.

Haya, nakubali, manga imewarudisha madogo kwenye penseli, na wapo wanaochora vizuri mpaka unashangaa. Na kwenye magazeti yetu ya zamani kuna vitu siwezi kuvitetea, wanawake walivyochorwa mule inatia aibu.

Lakini wasomaji hawakuletwa na Marvel, walikuwepo. Shujaaz, jarida la vikatuni la vijana, ilivyoanza Kenya 2010, kwa Sheng, inagawiwa bure ndani ya gazeti na kwa mawakala wa M-Pesa, vijana waliipokea siku hiyohiyo, na Sheng haisomwi Tokyo.

Ninachotaka mimi ni Sani za zamani zikusanywe zote, ziskaniwe vizuri, zichapwe upya, na familia za wachoraji walipwe. Hilo la kulipa nalisema kwa nguvu kwa sababu najua kuna mtu ataziskani kesho aziweke kwenye chaneli yake ale hela za matangazo, na mjane wa mchoraji asipate hata mia.

Kwa hiyo kama una Sani ya miaka ya 80 uvunguni, au bibi kaiweka kwenye sanduku, usiitupe, niambie tuonane tuiskani na urudi nayo nyumbani. Natafuta hasa zile alizochora Ndunguru mwenyewe. Na msinitumie picha za kava tu, nataka kurasa za ndani.