Ofa imeingia: jina la kikoa liuzwe au lishikiliwe?

Barua pepe inayomfikia mwenye jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti kama tesla.com, huwa fupi: "Je, jina hili linauzwa?" Siku mbili baadaye zinatajwa dola 15,000, na mwenye jina anaanza kukosa usingizi. Akiuza, huenda mnunuzi alikuwa tayari kutoa mara nne ya hizo. Akikataa, huenda asibishiwe hodi tena. Wengi wakifika hapo hukimbilia kuuliza jina lao lina thamani gani. Swali hilo halina jibu la uhakika, kwa kuwa jina la kikoa si dhahabu, ambayo kila siku ina bei na mnunuzi. Swali linaloweza kujibiwa, walau kwa makadirio, ni hili: kila mwaka unaopita, kuna uwezekano gani wa kutokea mtu mwingine atakayelipa bei unayoitaka?

Wanaotetea kushikilia wana mifano mizito. Kampuni ya magari ya Tesla ilitumia teslamotors.com hadi mwaka 2016, kwa sababu tesla.com ilikuwa ya mtu aliyeisajili mwaka 1992, miaka 11 kabla ya kampuni hiyo kuanzishwa. Elon Musk alisema baadaye kwamba kulipata jina hilo kulichukua zaidi ya miaka kumi na dola milioni 11. Facebook nayo ililipa dola 200,000 kwa facebook.com mwaka 2005, ikiwa bado kampuni changa inayotumia thefacebook.com. Miaka 5 baadaye ilitoa dola milioni 8.5 kwa herufi mbili tu, fb.com. Mnunuzi alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni mfuko wake.

Lakini mifano hii ina kasoro moja kubwa: tunawasikia waliofanikiwa kuuza tu. Hata kumbukumbu za mauzo za tovuti ya NameBio, ambazo ndizo mahali pazuri pa kuanzia kutafuta bei za majina yanayofanana na lako, huorodhesha majina yaliyouzwa. Yaliyokaa miaka 20 bila kuguswa hayamo. Wafanyabiashara wenye majina mamia hukadiria kwamba kwa mwaka huuza asilimia 1 hadi 2 ya waliyonayo. Na aliyeuza facebook.com mwaka 2005 asionekane mjinga: mnunuzi alikuwa na jina jingine linalofanya kazi, na angeweza kuendelea nalo.

Tufanye hesabu. Chukua bei unayoitumaini, izidishe kwa uwezekano wa kuipata ndani ya mwaka mmoja, kisha toa ada ya mwaka ya kulihuisha jina. Jibu ligawe kwa jumla ya uwezekano huo na faida ambayo fedha zako zingezaa kwingine kwa mwaka. Tuseme unatumaini dola 60,000, ada ni dola 12, na fedha zako zingezaa asilimia 10. Uwezekano ukiwa asilimia 2, kusubiri kuna thamani ya dola 9,900 leo, hivyo ofa ya 15,000 ni nzuri na kuikataa ni hasara. Uwezekano ukiwa asilimia 10, kusubiri kunafikia karibu dola 29,900, na ofa hiyohiyo inakuwa ya kukataliwa. Mizani inalingana kwenye asilimia 3.4 hivi, yaani mnunuzi mmoja wa 60,000 kila miaka 30 kwa wastani. Jina ni lilelile katika hali zote. Kinachoamua ni wingi wa wanunuzi.

Ada nayo iangaliwe. Kwa .com haitishi: bei ambayo Verisign, kampuni inayoendesha .com, huwatoza wasajili wa majina imepanda kutoka dola 7.85 hadi 10.26 kati ya 2021 na 2024, na bado miaka 20 ya kushikilia haifiki gharama ya simu nzuri. Gharama halisi hapo ni fedha ambazo hukuzishika. Ila baadhi ya viendelezi vipya (kiendelezi ni sehemu ya mwisho ya jina, kama .com) hutoza ada ya juu kwa majina mazuri, mamia ya dola kila mwaka. Weka ada ya dola 800 katika hesabu ya asilimia 2 hapo juu, na thamani ya kusubiri inaanguka kutoka 9,900 hadi 3,300 hivi. Jina la namna hiyo halistahili subira ndefu.

Utaupataje huo uwezekano? Anza na ofa zilizokuja zenyewe ndani ya miaka mitatu, ukihesabu zile tu zilizotaja kiasi cha maana. Kisha tafuta kampuni zinazotumia neno lako kwa kiraka: zilizoongeza neno mbele au nyuma, zilizotumia kiendelezi kingine, au zilizoweka kistari. Kila moja ni mnunuzi wa kesho. Ukihesabu kumi na zaidi, na baadhi zina fedha za wawekezaji, unayo hoja ya kushikilia. Ukipata moja tu, na ndiyo iliyokuandikia, basi soko lako lote ni mtu mmoja, naye akipata jina mbadala soko limefungwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo wengi wanapopotea: wana jina la maneno mawili lenye mnunuzi mmoja, nao wanajadiliana kana kwamba wana neno moja la kamusi lenye .com.

Muda pia hubeba hatari ambazo hesabu haizioni. Mitindo hupita: NFTs.com iliuzwa kwa dola milioni 15 mwaka 2022, mwaka uleule soko la NFT, yaani hati za kidijitali za umiliki wa picha na kazi nyingine, lilipoporomoka. Kwa upande mwingine, chat.com ilisubiri tangu miaka ya 1990 hadi akili unde (AI) ilipolipatia neno hilo uzito mpya. Dharmesh Shah, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya programu ya HubSpot, aliinunua kwa dola milioni 15.5 mwaka 2023, na baada ya muda si mrefu ikawa mikononi mwa OpenAI, kampuni yenye ChatGPT. Neno pana la lugha ya kawaida huweza kufufuka mara nyingi, ilhali neno la wimbi moja huondoka na wimbi lake. Jina la wimbi likipata ofa nzuri wimbi likiwa juu, liuze. Viendelezi vya nchi navyo vina mambo yake. Kile cha .io ni cha Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, na tangu Oktoba 2024, Uingereza ilipotangaza makubaliano ya kukabidhi visiwa vya Chagos kwa Mauritius, mustakabali wake umekuwa na maswali, kwa kuwa eneo lenyewe huenda likakoma kuwapo.

Sheria huwanasa wanaoshikilia bila kujua. Chini ya UDRP, utaratibu wa mwaka 1999 wa kutatua migogoro ya majina ya kikoa, mwenye alama ya biashara anaweza kulichukua jina akithibitisha mambo matatu kwa pamoja: linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, wewe huna haki wala maslahi halali nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kufungua shauri la jina moja mbele ya mwamuzi mmoja wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, ni dola 1,500, kwa hiyo anayetajiwa 60,000 ataipima njia hiyo. Kinga yako kubwa ni tarehe: uliyelisajili kabla alama haijakuwapo uko pazuri. Ila kama ulilinunua kwa mwingine, tarehe yako ni ile uliyolipata, si ile ya usajili wa kwanza. Usimwandikie mwenye alama kumpa bei, na usiache ukurasa wa matangazo uonyeshe bidhaa za washindani wake. Ikiwa jina lako ni sawa na alama maarufu iliyokutangulia, hakuna cha kushikilia hapo.

Kati ya kuuza na kushikilia kuna njia ya tatu, kuuza kwa mafungu ya miezi 36 au 60. Inawafaa wanunuzi wachanga na hupandisha bei. Masharti yasiyo na mjadala ni haya: malipo ya awali yasiyopungua asilimia 20, jina libaki mikononi mwa mtu wa tatu hadi fungu la mwisho, na mnunuzi akikatisha jina lirudi bila kurejeshewa alicholipa. Mkataba umpige mnunuzi marufuku kutuma barua taka kwa jina hilo, kwani jina likishaingia kwenye orodha nyeusi za watumaji taka, linalorudi kwako si lile ulilotoa.

Ukiamua kuuza, andika bei ya chini kabisa kabla ya kujibu ujumbe wa kwanza, na uiheshimu. Muulize mnunuzi jina ni la mradi gani; akiwa ni dalali hatasema, lakini namna anavyokwepa hukuonyesha kitu. Anayekutaka kwanza ununue cheti cha thamani kutoka tovuti fulani ni tapeli, achana naye. Ukiuza kupitia soko la majina, ondoa kamisheni ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 25.

Fedha zipite eskro, yaani huduma ya mtu wa tatu anayezishikilia hadi jina likabidhiwe, na usitoe msimbo wa uhamisho, ule wa siri unaoruhusu jina kuhama, mpaka uone zimepokelewa. Uthibitishe kwa kuingia kwenye akaunti yako mwenyewe, ukiandika anwani kwa mkono, kwa sababu barua pepe za eskro bandia hufanana kabisa na za kweli. Malipo ya kadi huweza kurudishwa wiki kadhaa baadaye, jina likiwa limeshakwenda. Usibadilishe taarifa za mmiliki siku chache kabla ya mauzo. Mabadiliko hayo huweza kulifunga jina lisihamishwe kwa siku 60. Mnunuzi akifungua akaunti kwa msajili wako, yaani kampuni uliyosajilia jina, kulisogeza huchukua dakika, wakati kulihamisha kwenda kwa msajili mwingine huweza kufika siku 5.

Jina linalotumika lina mzigo mwingine. Kila akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya jina hilo, iwe ya benki, ya seva au ya mtandao wa kijamii, itamfuata mmiliki mpya, maana ujumbe wa kubadili nywila utaingia kwake. Ziorodheshe na kuzihamisha zote kabla ya kutia saini, na mkataba useme barua zako zitaelekezwa kwako kwa miezi 6 au zaidi. Kazi hiyo, pamoja na wageni wa tovuti utakaowapoteza, ina gharama. Iingize kwenye bei yako ya chini tangu mwanzo, la sivyo dola 15,000 ulizozikubali zitakuwa pungufu kuliko zilivyoonekana kwenye ile barua pepe.