Kijana wa Kampala Anapochagua Kazi ya Ukocha wa Mazoezi

Kijana wa Kampala akisema nyumbani kwamba anataka kuwa kocha wa mazoezi, huulizwa: nani atakulipa kwa jasho ambalo mkulima wa Soroti analitoa bure? Swali lina takwimu nyuma yake. Mwaka 2018, utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika jarida la Lancet Global Health ulipima nchi 168 na kuikuta Uganda juu kabisa kwa watu kujishughulisha kimwili. Watu wazima wasiofikisha dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi mazito, walikuwa asilimia 5.5 tu.

Kila nikiirudia namba hiyo, naona inamtetea kijana. Imehesabu jembe, kuni, kisima na safari za miguu, kwa sababu kazi na usafiri vyote viliulizwa. Mama anayebeba jerikeni la lita 20 kila asubuhi amefaulu kipimo hicho, lakini kiuno chake hulemewa palepale kila siku na misuli mingine haiguswi. Karani wa Nakasero naye anapanda boda mlangoni kwake, anakaa kitini kwa muda wa saa nane, jioni anarudi kwa boda. Wastani wa nchi nzima unamficha nyuma ya mgongo wa mkulima. Presha na sukari vinapompata, daktari humwambia afanye mazoezi, kisha humwacha aende. Ni nani wa kumwonyesha aanze na uzito gani, goti likiuma afanye nini? Hiyo ni kazi, tena ya kusomewa. Vyuo vikuu vya Kyambogo na Ndejje hufundisha sayansi ya michezo.

Wenye wasiwasi wana lao, na ni zito. Yeyote mwenye kifua kipana anaweza kujiita kocha. Wengi hulipwa kwa idadi ya wateja, hivyo Desemba watu wakienda vijijini mfuko unakauka, na kocha akivunjika mguu hana mshahara. Machi 2020 jimu zilifungwa kwa sababu ya korona. Aprili, Rais Museveni akatoa video akipiga pushapu Ikulu, akihimiza watu wafanye mazoezi ndani. Haja ya mazoezi ilikuwepo; makocha wa jimu ndio waliokosa pa kufanyia kazi.

Lakini udhaifu huo naona uko kwenye mkataba. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, irekebishwe mwaka 2022, mwajiri anatakiwa kuchangia asilimia 10 ya mshahara hata akiwa na mfanyakazi mmoja, na mfanyakazi hukatwa 5. Lakini kocha anayelipwa kwa kichwa cha mteja hachangiwi, kwa kuwa huhesabiwa kama mgeni aliyepangishwa sakafu, ingawa jimu humpangia zamu na kumtaka awepo saa kumi na moja alfajiri. Mzazi mwenye wasiwasi angemsaidia mwanawe kwa kuuliza, kabla ya kifua na misuli, kama jina lake limo kwenye orodha ya mishahara.