Mshenga na Vijiko Vinne

Siku ya tano bila choo ilinikuta mimi ndiye mshenga. Tumbo limekaza kama ngoma iliyotoka kuangikwa motoni, na saa tano asubuhi wazee wa binti wanatusubiri.

Si kwamba sikuelekezwa. Mama aliyeniuzia unga wa ndizi mbichi sokoni alisema waziwazi: "Koroga kwenye mtindi wa baridi, baba'angu. Kijiko kimoja cha chai kwa siku, wiki nzima. Tumbo likizoea, ongeza kingine. Na maji unywe." Mimi kichwani kilibaki kitu kimoja tu: unga. Na unga, kwa mtu mzima mwenye sufuria, unapikwa uji.

Siku mbili nikanywa uji wa moto, nikaingia chooni, nikatoka kama nilivyoingia. Ndizi mbichi ina wanga sugu, ambao vimeng'enya vya utumbo mwembamba haviuwezi, kwa hiyo unafika mzimamzima kwenye utumbo mpana, waliko bakteria wanaousubiri. Ukiuchemsha, chembe zake zinavimba na kupasuka, unakuwa wanga wa kawaida unaoishia kuwa sukari kwenye damu. Kwa kifupi nilikuwa nakunywa uji kwa bei ya dawa. Ukipoa, sehemu yake inarudia usugu, ndiyo maana kiporo cha wali au viazi kina sifa hiyo. Nasema kiporo cha friji! Wali uliolala mezani unaweza kuwa na sumu ya bakteria wengine kabisa, na hiyo haiondoki hata ukiupasha moto.

Basi, alfajiri ya posa nikaamua kufidia siku zilizopotea. Vijiko vinne vya kulia, vya mlima, ndani ya kikombe cha mtindi. Kijiko cha kulia ni sawa na vitatu vya chai, kwa hiyo nilimeza zaidi ya dozi ya siku kumi na mbili kwa mkupuo. Maji sikugusa, nisije nikaomba choo ukweni. Saa ilikuwa kumi na mbili kasoro.

Chakula huchukua kama saa nne mpaka sita kufika utumbo mpana. Ungefikiri nilipiga hesabu makusudi.

Sebuleni kimya. Kahawa imepita, barua imesomwa. Kule chini Ruminococcus bromii, bakteria fundi wa kuvunja wanga sugu, keshafungua ghala, na wenzake wamejaa. Wakila hutoa butireti, ambayo ndiyo chakula cha ukuta wa utumbo. Hutoa pia gesi: haidrojeni, kaboni dioksidi, na kwa baadhi yetu methani. Gesi hiyo inatafuta mlango, na mlangoni kwangu kumekaa mzigo wa siku tano, mkavu kama kokwa la embe.

Baba wa binti akakohoa. "Mshenga, mahari ni milioni mbili. Upande wenu mnasemaje?"

Tumbo likajibu. Likaanza *ngrrr* ya chini, likapanda, likazunguka kushoto, likamalizia na *kwiii* kama mlango wa banda la kuku.

"Tunaona nzito kidogo," nikatafsiri.

"Milioni na nusu?"

*Ngrrrrr.*

Shangazi wa binti akajifunika kanga usoni, mabega yanacheza. Kisha kikatoka kimoja, chembamba, hakina sauti, ila feni ya juu ikakigawa kwa haki kila kona. Mjumbe mwenzangu akainuka kwenda kupokea simu ambayo haikuita.

"Milioni moja," akasema mzee, kashika pua. "Na kikao kimefungwa."

Ilibidi nieleze. Mshenga mzima, nimesimama ukweni, nahubiri habari za ndizi mbichi, bakteria na mtindi. Nyumbani nikashushia lita nzima ya maji kidogo kidogo, nikatembea uani mpaka giza. Asubuhi mzigo uliondoka, na nyimbo ningeimba.

Saa mbili usiku uliofuata simu ikaita. Baba wa binti, kwa sauti ya chini ya mtu aliyejificha jikoni.

"Mshenga, ule unga wako… ulisema vijiko vingapi?"

"Kimoja, mzee wangu. Cha chai."

Kimya kirefu.

"Eh," akasema. "Nimeshakunywa."