Mrututu katika mvinyo wa kilimo hai

Mwaka 1882, profesa Pierre-Marie-Alexis Millardet wa Bordeaux alikuwa akipita kando ya mashamba ya mizabibu ya Médoc alipoona jambo la ajabu. Ugonjwa wa ukungu ulikuwa umepukutisha majani shamba zima, lakini mizabibu iliyokuwa ukingoni mwa barabara ilikuwa bado ya kijani. Wenye shamba walikuwa wameipaka mrututu, yaani chumvi ya buluu ya shaba, uliochanganywa na chokaa, ili wapita njia waone rangi ile, wadhani ni sumu na waache kudokoa zabibu. Millardet aliufanyia majaribio mchanganyiko huo na mwaka 1885 akautangaza kuwa dawa ya ukungu. Mpaka leo Wafaransa wanauita uji wa Bordeaux.

Kisa hiki kinagusa moja kwa moja koo zinazotengeneza mvinyo wa kilimo hai Ufaransa. Wanunuzi wao huambiwa mambo mawili: kwamba shamba halipuliziwi dawa za viwandani, na kwamba kazi inafanywa kama walivyoifanya mababu. La kwanza ni kweli, ila lina pengo. Mrututu unaruhusiwa katika kilimo hai, na bila huo mashamba mengi ya maeneo yenye mvua yasingevuna kitu. La pili nalo lina mpaka wake, kwani ukungu wenyewe uliingia Ufaransa kutoka Marekani mwaka 1878 tu. Babu wa babu hakuwa na dawa hiyo kwa sababu hakuwa na ugonjwa huo.

Wapinzani wa kilimo hai hushika hapo, na hoja yao ni nzito. Dawa nyingi za kisasa huingia ndani ya jani na kulilinda kwa muda. Mrututu hukaa juu ya jani, mvua kubwa ikinyesha unaoshwa, na mkulima analazimika kupulizia tena. Kinachooshwa kinaishia ardhini. Shaba iliyomo ndani yake haiozi wala haivunjiki. Hujikusanya kwenye tabaka la juu la udongo mwaka hadi mwaka na kuwadhuru nyungunyungu na vijidudu vinavyoupa udongo uhai. Ndiyo maana tangu 2019 Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta moja katika kipindi cha miaka 7.

Hata hivyo sikubali kwamba hoja hiyo inaumaliza mjadala. Shamba la kilimo hai halimwagiwi dawa za kuua magugu, na nyasi zinazoachwa kati ya mistari hushikilia udongo mvua inapoteremka mlimani. Mara nyingi juisi huachwa ichachuke kwa chachu iliyokuja na zabibu zenyewe. Tena kuna jambo la umri. Mzabibu unaweza kuishi miaka 50 na zaidi, kwa hiyo anayeupanda leo anampandia mwanawe na mjukuu wake. Mtu wa namna hiyo ana sababu ya kuujali udongo ambayo kampuni inayofunga hesabu kila Desemba haina.

Tazama ukoo wa Tesseron, wenye shamba la mvinyo la Château Pontet-Canet huko Pauillac, eneo la Bordeaux. Mwaka 2007 ukungu ulipowazidi, Alfred Tesseron aliruhusu dawa za kemikali, kisha akajutia uamuzi huo hadharani. Ukungu uliporudi kwa nguvu mwaka 2018, walishikilia msimamo na kukubali kupoteza sehemu kubwa ya mavuno. Nauheshimu uamuzi huo. Lakini nyumba yenye jina kubwa huweza kuvumilia mwaka mbaya. Familia yenye hekta 8 na mkopo wa benki inaweza kufilisika. Anayemlaumu mkulima huyo mdogo kwa kurudia dawa za viwandani hajawahi kupoteza kazi ya mwaka mzima kwa wiki mbili za mvua.

Kesi ya Emmanuel Giboulot, mkulima wa mizabibu wa kilimo hai, ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Mwaka 2013 serikali iliagiza wakulima wote wa mizabibu wa Côte-d'Or, katika eneo la Burgundy, wapulizie dawa dhidi ya mdudu anayesambaza ugonjwa wa majani ya manjano. Ugonjwa huo hauna tiba. Mzabibu ulioambukizwa hung'olewa. Dawa iliyoruhusiwa kwa wakulima wa kilimo hai ilitokana na pareto, lakini Giboulot alikataa kwa kuwa pareto haibagui, inaua na wadudu wenye faida. Mwaka 2014 mahakama ilimtoza faini ya euro 1,000, nusu yake ikisitishwa. Desemba mwaka huo mahakama ya rufaa ikamwachia.

Moyo wangu uko upande wake, ila majirani zake pia walikuwa na haki ya kuogopa. Burgundy, urithi umegawanya mashamba vipande vipande. Shamba la Clos de Vougeot pekee, lenye hekta 50 hivi, lina wamiliki wapatao 80. Mdudu hajui mpaka wa urithi, na dhamiri ya mmoja inaweza kung'oa mizabibu ya mwenzake.

Kwa shaba, njia ya kutokea ipo. Mwaka 2018 Ufaransa iliidhinisha aina mpya za mizabibu kama Floréal na Artaban, zilizozalishwa kwa kuchanganya damu ya mizabibu ya mwituni inayostahimili ukungu. Aina hizi huhitaji dawa kidogo sana. Koo nyingi zinasitasita, zikisema ladha na mila vitapotea. Nawaelewa, lakini mizabibu yao mingi tayari imepandikizwa juu ya mashina yenye asili ya Marekani tangu filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi, ilipoteketeza mashamba karne ya 19, na hakuna anayesema mvinyo wao si wa Kifaransa. Leo mkulima wa Bordeaux anayetaka kujaribu aina ngeni bila kupoteza haki ya kuandika jina la eneo lake kwenye chupa anaruhusiwa kuzipanda katika asilimia 5 tu ya shamba, na zisizidi asilimia 10 ya mvinyo wenyewe. Ukomo huo ni mdogo mno. Ningependa koo za kilimo hai ndizo ziwe za kwanza kudai uongezwe, na kabla haujaongezwa, ziandike kwenye chupa ni kilo ngapi za shaba shamba lao lilipokea mwaka huo.