Meno Karibu na Mpini: Kisu cha Mfukoni na Hesabu Yake

Maneno ya kuuzia kisu cha kukunja chenye meno nusu yanajulikana kila kibanda cha Mombasa: nusu ya mbele ya makali imenyooka kwa matunda na samaki, nusu ya nyuma ina meno kwa kamba na gunia, kwa hiyo unanunua visu viwili kwa bei ya kimoja. Kisicho na meno kinaonekana cha nyumbani, cha kumenyea viazi. Hamali wa Kongowea na mvuvi wa Mtongwe wote wanaambiwa kwamba kazi yao inataka meno.

Meno yana hoja ya kweli. Ncha zake ndizo zinazogusa kwanza, kwa hiyo nguvu ya mkono inakusanyika kwenye vijisehemu vidogo, na uzi unararuka hata kama makali yenyewe hayako vizuri. Tena mabonde kati ya ncha na ncha yamejificha. Ukikatia juu ya ubao au juu ya ukingo wa mashua, kinachogonga ni ncha, na bonde linabaki na ukali wake. Ndiyo maana kisu cha meno kisichoguswa na jiwe kwa miezi bado kinakata kamba. Baharini jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu chumvi huanza kula pale chuma kilipo chembamba kuliko pote, yaani kwenye makali. Kisu cha kawaida kikikaa wiki mbili na maji ya bahari bila kuoshwa kinaweza kuwa butu kabla hakijakata kitu. Mikanda ya plastiki ya kufungia katoni pia hukatika upesi kwa meno.

Lakini kisu kisicho na meno kinahukumiwa kikiwa butu, na hapo ndipo kinapoonewa. Mtu anakaa nacho mwaka mzima bila kukinoa, anakijaribu kwenye kamba ya nailoni, kinateleza, naye anasema kamba inataka meno. Kuna na kosa la pili, ambalo hata wanaojua kunoa hulifanya: wanakisugua kwenye jiwe laini mpaka makali yang'ae. Makali ya namna hiyo yanafaa kwa nyanya na kwa minofu ya samaki. Juu ya nailoni iliyolowa yanateleza. Kwa kamba, acha kazi kwenye jiwe la namba 300 au 400; namba ikiwa ndogo, jiwe linakwaruza zaidi. Mikwaruzo ya jiwe hilo inaacha vijino vidogo visivyoonekana kwa macho, na vijino hivyo vinauma uzi. Namba 1000 iache kwa kisu cha jikoni.

Kunoa kwenyewe hakuhitaji ufundi mkubwa. Pembe ya digrii 20 kila upande inatosha kwa kisu cha mfukoni. Kwa ubapa wenye upana wa milimita 25, maana yake mgongo wa kisu uinuke karibu milimita 8 na nusu kutoka kwenye jiwe, zaidi kidogo ya unene wa penseli. Sukuma kuanzia mpini hadi ncha, upande mmoja, mpaka ukipapasa upande wa pili kwa kidole, kutoka mgongoni kuelekea makali, usikie ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja urefu wote. Usipousikia bado hujafika, na hapo ndipo wengi huacha mapema. Geuza, fanya hivyo hivyo, kisha punguza mkandamizo na upishanishe pande mara tano au sita ili ukingo ule utoke. Jiwe likikosekana, duara la kukwaruza, lisilopakwa rangi ya kung'aa, chini ya kikombe cha udongo linaweza kurekebisha makali yaliyochoka.

Sasa chukua kisu cha meno nusu ukitake kitu hicho hicho. Jiwe bapa haliingii kwenye mabonde. Kinachotakiwa ni tupa ndogo ya almasi, ya mviringo na iliyochongoka, ya kupitishwa bonde moja baada ya jingine, upande mmoja tu, kwa sababu meno mengi huchongwa upande mmoja na kuachwa bapa upande wa pili. Upande ule bapa hupitishwa kwenye jiwe ukiwa umelala kabisa, mara mbili tatu, kuondoa ukingo uliojikunja. Ni nani mjini anayetembea na tupa hiyo? Kisu kinapelekwa kwa mnoaji mwenye jiwe la kuzungushwa kwa baiskeli, fundi hodari wa visu vya jikoni na mapanga, naye anakipitisha kama anavyopitisha vingine. Jiwe lile linakula ncha. Baada ya kunolewa mara chache meno yanabaki mawimbi mafupi yasiyorarua wala kukata. Na jiwe likizunguka kavu kwa kasi, makali membamba yanapata moto. Ukiona rangi ya buluu, chuma cha sehemu hiyo kimepoteza ugumu, na ukinoa leo kesho ni butu tena.

Hata asiyeyagusa meno hapati salama. Sehemu iliyonyooka inanolewa, inapungua. Ya meno inabaki ilivyokuwa. Polepole kunajitokeza ngazi pale zinapokutana, na ukivuta kisu kwenye kamba, uzi unakwama hapo.

Halafu kuna suala la mahali, ambalo sielewi kwa nini halizungumzwi. Kwenye ubapa wenye urefu wa milimita 75, meno huchukua karibu milimita 30, nayo huwekwa karibu na mpini. Hapo ndipo mkono una nguvu kuliko pote. Kuchonga kigingi, kukata mkanda wa ngozi, kupasua fito, kazi zote za kukandamiza hufanyika pale, na ndipo palipotolewa kafara. Jeshi la Uswisi lilipopokea kisu kipya cha Victorinox cha mwaka 2008, meno yake yaliwekwa upande wa ncha, na sehemu ya karibu na mpini ikaachwa imenyooka. Anayetaka mchanganyiko kwa lazima, huo una mantiki zaidi.

Tazama pia kazi zenyewe za mji huu. Chungwa linamenywa kwa ukanda mmoja mrefu, kisu kikilala na kuzunguka. Meno yaliyochongwa upande mmoja yanavuta ubapa pembeni na kuingia nyamani. Samaki kama changu hupasuliwa tumbo kwa ncha na sehemu iliyopinda, si kwa meno. Uzi mmoja wa wavu ukitaka kukatwa ili shimo lishonwe, meno yananasa matundu ya jirani, na kazi inaongezeka. Gunia la mchele la plastiki iliyofumwa likipasuliwa kwa meno linaacha nyuzi zinazoingia kwenye mchele. Kamba ya nailoni iliyokatwa kwa meno inaishia na shungi. Iliyozungushiwa tepu na kukatwa kwa makali safi inachomwa kwa kiberiti mara moja na kufunga.

Upo mtu ambaye meno ni yake: anayefanya kazi chomboni, ambaye siku moja kamba iliyokazwa inaweza kumzunguka mguu naye ana mkono mmoja huru. Huyo asichukue nusu. Achukue kisu chenye meno urefu wote, ncha butu isimchome, kisicho cha kukunja, kifungwe kwa uzi mahali mkono unapofika, na kisitumiwe kwa kazi nyingine yoyote. Mfukoni abaki na kile kisicho na meno.

Na aliyekwisha kununua cha meno nusu asikitupe. Anoe sehemu iliyonyooka peke yake, asimame milimita moja kabla ya jino la kwanza. Akimpelekea mnoaji, azungushie meno tepu nene kwanza, amwambie asivuke hapo.