Kiboko cha Kumchapia Mwoga

Jumamosi iliyopita, katika sherehe ya kumuaga binti wa jirani yetu, mshereheshaji alimwinua kijana mmoja, akamkabidhi simu na kumtaka asome kwa sauti neno lililokuwa kwenye kioo: hippopotomonstrosesquippedaliophobia. Kijana yule ana kigugumizi, na hakuna ndugu ukumbini asiyelijua hilo. Alikwama kwenye "hipopo", akarudi mwanzo, akakwama tena, akajifuta jasho kwa kiganja huku meza za mbele zikigonga vijiko kwa kicheko. Ndipo mshereheshaji akatangaza, kwa mbwembwe zake zote, kwamba maana yake ni hofu ya maneno marefu. Kichekesho kilioje.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba neno hilo liliponifikia mara ya kwanza nami nilicheka. Lakini hebu tulipasue. Mwishoni mna "phobia", hofu ya Kigiriki tunayoifahamu. Kabla yake mna neno la Kilatini, "sesquipedalia", ambalo Horace, mshairi wa Roma, alilitumia kuyasema maneno ya majivuno, yenye urefu wa futi moja na nusu. Hapo maana imekwisha kutimia. Sasa huyo kiboko aliyetangulia mbele, "hippopoto", ambaye Wagiriki walimwita farasi wa mtoni, anatafuta nini humo? Na zimwi anayemfuata nyuma, "monstro"? Hawaongezi hata chembe ya maana. Wameingizwa ili neno linenepe hadi herufi 36, na yule anayeogopa apate cha kuogopa zaidi. Kwetu kiboko ni mnyama, na ni mjeledi pia, nami sioni kama hapa tumeletewa mnyama.

Najua nitaambiwa kwamba Kiswahili nacho kina maneno marefu. Kinayo, tena mengi, ila yetu yanafanya kazi. Mtoto wa jirani, ambaye hajaanza hata darasa la kwanza, alisimama juzi mlangoni kwangu akamwambia mwenzake, "Utakaponirudishia mpira wangu ndipo nitakuachia baiskeli." Herufi 17 kwa pumzi moja, na hakuna aliyezihesabu, kwa sababu kila kipande kina mzigo wake: ukiondoa "ni" pekee, hajulikani tena anayerudishiwa mpira. Mwondoe kiboko katika neno lile la ukumbini uone kama kuna kitakachopungua.

Hofu yenyewe si mzaha. Aliyewahi kusimamishwa darasani akashindwa kusoma neno, wenzake wakaangua kicheko, hahitaji kuelezwa inavyokaa kifuani.

Kijana alirudisha simu, akaketi. Baadaye, zamu ya meza yao kutoa zawadi ilipofika, alipokea kipaza sauti mwenyewe na kumwambia bibi harusi, "Dada, Mungu akutunze." Aliimaliza bila kukwama, na safari hii vijiko vilitulia mezani.